Ugoro Ndani ya Mashine ya Kadi

Karatina, 10 Februari 2025

Mama yangu Nduta,

Salamu kutoka kwetu sote. Hatujambo. Mguu wa Wacera umepona na sasa anaukanyaga kama askari wa gwaride. Mtoto wetu Dedan alifika salama Nakuru alikopata kazi, na ng'ombe amezaa ndume tena, sijui tumegombania nini mimi na yeye. Natumaini huko Wang'uru ndege hawajawamalizia mpunga.

Kila nikiandika "Mama" Wacera hunicheka, lakini nifanyeje? Ndugu yangu Muriithi alipokuzaa alikupa jina la mama yetu mzazi, na tangu siku hiyo mimi, babako mdogo mwenye mvi, nimekuwa mtoto wako. Basi mtoto wako leo analia.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Masikio yangu unayajua. Nikipiga ni lazima niweke sauti ya juu, na duka zima linasikiliza mpaka wapita njia wanachangia. Nao ujumbe wa simu Wacera huusoma kabla yangu. Ndiyo maana nimetia barua humu kwenye katoni, pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Mgonjwa ni mashine ya kadi. Unajua chama chetu cha ushirika kiliwapa wakulima wa kahawa kadi za kuchukulia mbolea na dawa za mimea, na katika mji huu wote duka langu ndilo lililowekwa kwenye orodha. Kadi hizo ndizo zinaniletea wateja. Sasa mashine inakataa kadi. Mzee anaingiza, inasema haisomeki. Anatoa, anaipangusa kwenye koti, anaingiza tena, hapana. Juzi mwenyekiti wa chama, Mzee Mwai, aliniambia mbele ya watu: "Gatimu, hii mashini yako iko na homa? Ama tuende kwa Mburu?" Mburu ndiye mwenye duka ng'ambo ya barabara. Ameshaanza kupaka ukuta rangi. Mkutano wa chama ni mwisho wa mwezi wa tano, na hapo ndipo watasema kama nabaki kwenye orodha au natoka. Nikitoka, Mama, nitabaki nikiuzia kuku chanjo.

Wewe ndiye fundi wa mashine hizi. Mtibu. Humo kuna nduma pia, usile zote siku moja.

Mtoto wako,
Gatimu


Wang'uru, 14 Februari 2025

Mwanangu Gatimu,

Hujambo wewe na mkamwana wangu Wacera? Mwambie mguu asiujaribu kwa kucheza kwaya. Mimi niko salama. Nashinda juu ya bodaboda nikizunguka vinu vya mchele, mahoteli na vituo vya mafuta, kila mahali kuna mashine yenye shida yake. Ya hoteli moja ilikuwa na mchuzi ndani. Mwenye hoteli aliapa hajui umeingiaje.

Yako nimeisafisha. Tuna kadi maalum ya kusafishia, ina unyevu wa spiriti, unaiingiza mahali kadi ya mteja inapoingia na unaivuta taratibu. Kwa kawaida moja inatosha. Kwako nimetumia tano, na ya tano ilitoka na rangi ya kahawia bado. Nilipiga chafya mara nne. Mama mwenye nyumba akaniletea chai ya tangawizi akidhani nina homa.

Hilo vumbi ni la nini, Baba? Sijauliza sana. Ripoti ya kazi nimeshaandika, imekwenda kwa kampuni yenye mashine.

Sasa nisikilize. Usiweke mashine karibu na magunia. Usiache betri ife kabisa. Kila jioni ifunike kwa kitambaa kikavu, na kila Jumatatu pitisha kadi ya kusafishia, nimekuwekea kumi. Nimekuwekea pia kilo mbili za mchele wa pishori, na hizo ni za Wacera, si zako.

Nduta


Karatina, 3 Machi 2025

Mama,

Sote wazima. Mchele umeliwa, jirani walikuja kuuliza tunapika nini. Mvua haijafika lakini mawingu yanazunguka Mlima kila alasiri kama wanunuzi wasio na pesa.

Kuhusu vumbi, ni la mbolea. Au maganda ya kahawa. Karatina ni vumbi tupu, hata wewe ulikulia hapa. Wazee wakisubiri mashine itafute mtandao tunaongea kidogo, basi, hakuna lingine.

Kadi zako kumi zimeisha. Imeanza tena kukataa, wiki mbili tu. Nauliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake: ndani imekaaje? Miaka thelathini nimefungua mabomba ya kunyunyizia dawa, nikayasafisha na kuyafunga, na hakuna hata moja lililonishinda. Redio ya marehemu baba nilifungua nikiwa darasa la sita. Naona hapa nyuma kuna skrubu nne tu.

Gatimu


Wang'uru, 8 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu baadaye, kwanza hili: USIFUNGUE. Hiyo si redio wala bomba. Ndani kuna kitu kinacholinda siri za kadi za watu, na mtu akilegeza hata kifuniko, mashine inafuta kila kitu na kujifunga milele. Haifufuki. Hata mimi fundi siruhusiwi kuifungua. Kampuni ikiona mashine imefunguliwa, inaanza kwa kudhani kuna mtu alitaka kuiba namba za kadi.

Zile skrubu nne ni mapambo. Zihesabu kama mapambo.

Nimetuma kadi ishirini za kusafishia. Sasa salamu: hujambo? Mimi sijambo.

Nduta


Karatina, 22 Aprili 2025

Mama yangu Nduta,

Pasaka imekwenda vizuri. Kwaya ya kina mama iliimba mpaka mchungaji akasahau mahubiri. Mvua imefika, kahawa imetoa maua, ukisimama shambani asubuhi unaona weupe mtupu. Dedan alikuja na shati jipya. Ndama amepewa jina la Mburu, lakini usimwambie mtu.

Mashine iko tu. Haina neno.

Mtoto wako,
Gatimu


Wang'uru, 25 Aprili 2025

Baba mdogo,

Shukrani kwa habari za Pasaka. Nimefurahi kuhusu ndama.

Nina kompyuta hapa inayonionyesha kila mashine ninayoitunza inafanya nini. Ya hoteli yenye mchuzi inafanya kazi. Za vinu zinafanya kazi. Yako haijasoma hata kadi moja tangu tarehe sita mwezi huu. Msimu wa mbolea, mvua imeshika, na duka la orodha ya ushirika halijauza hata gunia moja kwa kadi siku kumi na tisa? Nimepiga simu mara tatu, Wacera anapokea na kusema uko nyuma ya duka unapanga chupa. Una chupa ngapi?

Nitumie mashine kesho kwa ofisi ya vifurushi.

Nduta


Karatina, 29 Aprili 2025

Mama,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Mashine ni hiyo. Ilianguka kutoka kwenye kaunta. Nadhani ni paka.

Wakulima nimekuwa nikiwaambia mtandao uko chini. Wengine wameanza kumsalimia Mburu.

Gatimu


Wang'uru, 5 Mei 2025

Baba mdogo Gatimu,

Sitakuita mwanangu leo, na salamu zangu ni fupi kwa sababu nimekasirika.

Mashine imewaka na kuandika kwamba imefunguliwa. Mashine iliyoangushwa na paka haibadilishi skrubu. Tatu ni zake. Ya nne ni kubwa, inang'aa, na ni ya bomba la kunyunyizia dawa. Nimezijua skrubu hizo tangu nikiwa mdogo, nilikuwa nakushikia kopo lake.

Lakini kuna jambo sijakuambia, na linaniuma kuliko hilo lako. Mwezi wa pili nilijua vumbi ni la nini. Ni ugoro. Nilikaa magotini pako utoto wangu wote, harufu hiyo siwezi kuikosea. Najua uliapa kanisani kuuacha, na najua Wacera anaamini uliuacha. Kwa hivyo kwenye ripoti niliandika "vumbi la mbolea." Nilidanganya kampuni ili nikufiche, na wewe ukanidanganya mimi. Tungeandika ukweli mwezi wa pili, mashine ingekuwa hai leo.

Sasa itapelekwa Nairobi, watu watatazama ndani na kukuta ugoro, si mbolea. Ripoti yangu ya mwisho inatakiwa tarehe kumi na sita. Nitaandika kila kitu, na ile ya kwanza nitaisahihisha. Bado niko kwenye miezi ya majaribio ya kazi, wanaweza kunifukuza kwa barua ya mistari miwili. Nimelia, halafu nimekula, halafu nimeamua.

Nakuomba uandike maelezo yako kwa mkono wako: nani alifungua, kwa nini, na huo ugoro uliingiaje. Ukinyamaza utaonekana mwizi wa kadi za wazee unaosali nao, na orodhani utatoka bila mjadala. Ukisema, huenda utoke vilevile. Siwezi kukuahidi lolote.

Nduta


Karatina, 9 Mei 2025

Mama,

Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa stoo, nimekalia gunia. Sikujua kwamba ulidanganya kwa ajili yangu. Nilipokuwa mdogo mama yangu alinichapa kwa kudanganya, na alikuwa na haki, lakini hajawahi kudanganya kwa sababu yangu. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nioe.

Karatasi ya pili humu ni maelezo yangu kwa kampuni, nimetia sahihi na namba ya kitambulisho. Yanasema hivi, kwa kifupi. Mtandao ukichelewa, mzee anasimama kaunta akinitazama. Kwetu huwezi kumsimamisha mtu wa rika lako mbele yako mikono mitupu. Chai ingechukua muda. Ugoro haukawii. Kwa hivyo nilikuwa nafungua kopo, mzee anachota, mimi nachota, halafu kwa vidole hivyohivyo anachukua kadi na kuiingiza. Na hiyo kadi yenyewe inalala mfukoni pamoja na kopo lake la nyumbani. Kadiri mashine ilivyokawia ndivyo tulivyochota, na kadiri tulivyochota ndivyo ilivyokawia. Tarehe sita mwezi wa nne, baada ya ibada, nilichukua bisibisi. Ilipiga mlio mmoja tu, Mama. Mmoja. Nikajua nimeua.

Paka hana hatia, na hilo pia nimewaandikia. Hata hatuna paka.

Chama nitakiambia mwenyewe kwenye mkutano wa tarehe thelathini na moja. Hata hivyo Wacera atakuwepo, kwa sababu ana miti yake ya kahawa na kadi yake. Yeye ndiye naogopa, kuliko Mwai na kampuni pamoja. Miaka kumi na tisa iliyopita, siku tulipobariki ndoa, tulisimama mbele ya kanisa zima tukaapa kuacha ugoro. Wacera aliacha siku hiyohiyo. Mimi niliacha siku nne.

Gatimu


Wang'uru, 23 Mei 2025

Mwanangu Gatimu,

Naona nimekurudishia cheo. Hamjambo? Mimi leo nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Mkubwa wangu, Bwana Mworia, ni mtu wa Meru ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake. Nilisimama mbele ya meza yake akasoma ripoti yangu, kisha akasoma maelezo yako. Alipofika kwenye paka akarudia juu. Akauliza, "Huyu mzee ameandika hii yote mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Bila kuambiwa na lawyer?" Nikasema hatuna wakili, tuna ng'ombe. Akageukia dirisha kwa muda mrefu, mabega yakitingishika.

Lakini kazi ni kazi. Nimepewa onyo la maandishi, na majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Sikufukuzwa. Akaniambia, "Hii ya pili ndiyo imekuokoa, Nduta. Ile ya kwanza ingekumaliza."

Kuhusu wewe: wamekubali hukuwa mwizi. Mashine ile imekufa, haitarudi. Watakupa nyingine ikiwa tu chama kitaandika kwamba bado kinalitaka duka lako. Sasa kila kitu kiko mikononi mwa huo mkutano. Vaa koti la kahawia, lile lisilo na mifuko mikubwa.

Nduta


Karatina, 2 Juni 2025

Mama yangu Nduta,

Kaa chini kwanza.

Jumamosi tulikuwa watu kama hamsini katika ukumbi wa chama. Wacera aliketi mbele na kina mama, amefunga kilemba cha kijani. Mburu aliketi pembeni akitabasamu, ameshavaa aproni mpya. Nilisimama nikasoma maelezo yangu yote, herufi kwa herufi, kopo na vyote. Sikumtazama Wacera. Nilipomaliza Mzee Mwai akakohoa na kusema, "Haya. Gatimu ameharibu mashini ya chama, amesema mwenyewe. Nafikiri tupatie Mburu."

Watu wakaanza kunung'unika kwamba ni sawa. Mama, nilihisi duka likiniponyoka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwambia Dedan nini.

Ndipo Warigia akasimama. Ndiye mweka hazina, alifundisha shule ya msingi miaka mingi na hata Mwai humwogopa. Akasema, "Ngoja kwanza. Kila mtu atoe kadi yake, aiweke hivi juu." Tukatoa. Akaanza benchi la nyuma, anachukua kadi, anainusa, anairudisha. "Hii iko nayo. Hii pia. Hii imelala ndani ya kopo, ama? Wewe shemasi, hata wewe? Mwai, yako usilete karibu, naisikia kutoka hapa." Watu walicheka mpaka mzee mmoja akatoka nje kujifuta macho. Mwai peke yake ndiye aliyekuwa akisoma ratiba ya mkutano, nayo alikuwa ameishika juu chini.

Alipomaliza wanaume Warigia akasema, "Kadi ni zilezile. Ukipeleka mashini kwa Mburu, zitafuata huko. Mburu, unaitaka?" Mburu alikuwa ameacha kutabasamu. Akafungua aproni polepole. "Hapana, asante. Kwangu hiyo kitu haiwezi maliza mwezi."

Zilibaki kadi za kina mama. Warigia akazipitia haraka haraka, kwa heshima tu, mpaka akafika ya mwisho benchi la mbele. Akainusa. Akapiga chafya. Akapiga ya pili, na ya tatu, mpaka miwani ikaanguka.

Ilikuwa ya Wacera.

Hakuna aliyecheka, Mama. Wote walinitazama mimi, nami nikamtazama yeye, naye akatazama viatu vyake.

Uamuzi ukapitishwa kwa mikono: duka linabaki kwenye orodha. Kopo halitaonekana kaunta. Kila kadi ipanguswe kwa kitambaa kibichi, kisha kikavu, kabla ya kuingizwa. Mashine ikifa tena kabla ya Desemba, mimi natoka. Barua ya chama nimeitia humu, mpe Bwana Mworia.

Tulitembea pamoja kwenda nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa kuanzia ukumbini mpaka kitandani. Tulipofika langoni Wacera akafungua mkoba na kutoa kikopo kidogo cha mafuta ya kujipaka, nacho kimejaa ugoro mpaka juu.

"Mimi nilishindwa wiki ya kwanza," akasema. "Nikaona wewe umeacha kabisa, unaimba kwaya, uko sawa. Nikaogopa kukuambia, Baba Dedan."

"Na mimi nilifikiria wewe ndiye uliacha," nikamwambia.

Nimemwogopa mwanamke huyu miaka kumi na tisa, Nduta, na kumbe naye alikuwa akiniogopa mimi. Kila mmoja amekuwa akijificha nyuma ya nyumba kwa zamu yake. Alikuwa akipitia upande wa ng'ombe, mimi upande wa migomba. Tulicheka tukiwa tumeshika lango, na katikati ya kicheko yeye akalia kidogo, nami vilevile. Halafu akachota kwangu, nikachota kwake, akasema changu ni kikavu na kwamba nimekuwa nikiibiwa na anayeniuzia.

Jumapili ijayo tunakwenda kwa mchungaji, wote wawili, kueleza. Ukileta mashine mpya, ulete na vitambaa vya kupangusia kadi, na ulale kwetu. Wacera anasema atakupikia mwenyewe.

Babako mdogo na mtoto wako,
Gatimu